Vitu Vyako Weka D

Mafundi wa kompyuta wa Dar es Salaam wana sentensi moja ambayo kila aliyewahi kupigiwa Windows ameisikia: "Vitu vyako weka D." Haiji na maelezo mengi. Mteja ameshalipa, mashine imeshazimwa, na fundi anaitamka huku akikunja waya.

Mwandishi wa makala haya aliisikia mara ya kwanza Kariakoo, enzi za ujana wake, alipotumwa na kaka yake kufuata kompyuta ya mezani iliyokuwa haipiti skrini ya bluu. Ilikuwa mashine ya ofisi iliyotumika Ulaya kabla ya kuletwa kwa kontena, na ndani yake mlikuwa na diski moja ya GB 80. Fundi alikuwa ameigawa mara mbili.

"C ni ya Windows, mdogo wangu. Usiweke chochote chako hapo. Siku ikizingua tena tunaifuta C yote, D hatuigusi."

"Na gemu je, fundi?"

"Gemu ndiyo kabisa. Peleka D."

Kijana alitii, na kwa miaka kadhaa ushauri huo ulimtosha, kwa sababu gemu za wakati ule zilikuwa folda tu. GTA: Vice City, iliyotoka kwa kompyuta mwaka 2003, ilihama nyumba hadi nyumba kwa flashi, ukiibandika D na kubofya faili lake mara mbili, inafunguka. Nakala nyingi hazikuwa halali, na mtaani hakuna aliyekosa usingizi kwa hilo.

Herufi zenyewe zina umri mkubwa kuliko wengi wanaozitumia. A na B zilitengwa kwa ajili ya disketi, kwa hiyo diski ya ndani ilipoanza kuwa jambo la kawaida ilipewa C. IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski ya MB 10, ambayo leo haitoshi hata kwa picha chache za simu. Disketi zimekufa, A na B zimebaki tupu, lakini C haikusogea, na programu nyingi bado zinatengenezwa kana kwamba hakuna kitu kingine nje ya C.

Ndipo ikaja Steam.

Valve, kampuni ya jimbo la Washington nchini Marekani, ilianzishwa mwaka 1996 na Gabe Newell na Mike Harrington, wote wawili wakitokea Microsoft. Tarehe 12 Septemba 2003 ilitoa Steam, programu ambayo mwanzoni ilikusudiwa hasa kuwafikishia wachezaji wa Counter-Strike masahihisho ya gemu yao bila kila mmoja kuyatafuta kivyake. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, Half-Life 2 ilipotoka, hata aliyenunua CD dukani alilazimika kufungua akaunti ya Steam kabla ya kucheza. Wengi walinung'unika. Manung'uniko yakapita, utaratibu ukabaki, na leo karibu kila kampuni kubwa ya gemu ina programu ya namna hiyo.

Tangu hapo gemu haikuwa folda tena. Ilikuwa haki iliyoandikwa kwenye akaunti, pamoja na programu inayoikagua haki hiyo, pamoja na mafaili yenyewe. Na Steam ya miaka hiyo iliviweka vyote mahali pamoja: ndani ya folda yake yenyewe, ambayo kwa kawaida ilikaa C, kwenye Program Files. Anayetaka gemu zake D alipaswa kuipeleka Steam nzima D. Kutenganisha hakukuwezekana.

Kwa mwenye diski moja hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilianza pale diski za SSD zilipoanza kununulika na watu wa kawaida, kuelekea mwaka 2010 na kuendelea, zikiwa ghali na ndogo: GB 64, GB 128. Tofauti ya SSD na diski ya kuzunguka si ya kubahatisha. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, maana yake kusubiri nusu mzunguko ili data ifike chini ya kichwa cha kusomea kunachukua zaidi kidogo ya milisekunde 4, na hapo mkono wa diski bado haujahesabiwa muda wa kusogea. SSD haina kinachozunguka. Inajibu ndani ya sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Windows inapowaka inasoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, kwa hiyo kila aliyeijaribu SSD hakutaka kurudi alikotoka. Lakini ukishaweka Windows na programu za kazi kwenye GB 64, gemu mbili tatu zinamaliza nafasi. Jibu la akili lilikuwa moja: Windows na Steam kwenye SSD, gemu kwenye diski kubwa ya kuzunguka pembeni. Steam ikasema hapana.

Wachezaji wakapata njia ya mzunguko. Mfumo wa NTFS wa Windows unaruhusu folda kuwa jina tu mahali pamoja huku vilivyomo viko mahali pengine, na tangu Windows Vista kulikuwa na amri fupi ya kutengeneza kiungo hicho, mklink. Unahamisha folda ya gemu hadi D, unaacha kiungo chenye jina lile lile C, na Steam inaendelea kuamini kwamba kila kitu kipo pale ilipokiacha. Mwandishi aliitumia mbinu hiyo kwa muda, akiandika amri kwenye lile dirisha jeusi kwa uangalifu wa mtu anayeandika barua ya posa, kwani ukikosea mpangilio wa anwani mbili, hakuna kinachotokea au kinatokea usichokitaka. Valve yenyewe iliruhusu kuchagua diski nyingine kwa kila gemu mwaka 2012. Inachekesha kidogo kwamba kampuni iliyoasisiwa na watu waliotoka kwa watengenezaji wa Windows ilihitaji miaka tisa kukubali kile ambacho mafundi wa Kariakoo walikuwa wakikihubiri bure.

Namna walivyolifanya, hata hivyo, ni ya busara. Ukiongeza D kwenye Steam, inatengeneza folda iitwayo SteamLibrary, ndani yake steamapps, na ndani ya hiyo folda ya common yenye gemu zote. Kando ya common, bado D, kila gemu ina faili dogo la maandishi lenye namba yake: Dota 2 ni namba 570, hivyo faili lake huitwa appmanifest_570.acf. Humo mmeandikwa gemu ni ipi, imekaa folda gani, ni toleo la ngapi, ina ukubwa gani. Kwenye folda ya Steam kule C kunabaki orodha fupi tu ya diski zenye gemu.

Yaani daftari la ghala linalala ghalani, pamoja na mzigo.

Umuhimu wa jambo hili haukumdhihirikia mwandishi hadi SSD yake ilipobadilishwa na kompyuta ikapigwa Windows upya. Alipakua Steam, akaingia kwenye akaunti, akaielekeza kwenye folda ile ile ya D. Gemu zikajitokeza kwenye orodha, tayari kuchezwa. Nyingine zikataka kukaguliwa mafaili, kazi isiyohitaji bando kama hakuna kilichopungua. Anayeishi penye intaneti ya waya isiyo na kikomo anaweza kuona hili ni jambo dogo. Anayenunua bando hupiga hesabu tofauti: gemu moja ya GB 100, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, inahitaji zaidi ya saa 22 za kupakua mfululizo, umeme ukiwepo.

Kwa sababu hiyo hiyo marafiki wakaanza kuazimana diski. Aliyekwisha kupakua anamnakilia mwenzake folda ya gemu pamoja na lile faili la appmanifest. Mwenzake, akiwa ameinunua gemu hiyo kwenye akaunti yake, anaanzisha Steam nayo inapakua kilichopungua tu. Kwa USB 2.0, ambayo kwa kawaida hupitisha kama MB 35 kwa sekunde, GB 100 zinahama kwa takriban dakika 50. Kwa USB 3.0 diski ya kawaida ya kuzunguka inamaliza karibu na robo saa. Februari 2023 Valve iliongeza njia yake rasmi: kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani zinaweza kupeana mafaili ya gemu bila kuyapakua upya. Nyumba yenye vijana wawili na bando moja ilielewa faida yake mara moja.

Diski za nje zina vituko vyake. Windows hugawa herufi kwa zamu, kwa hiyo diski iliyokuwa E jana inaweza kuamka ikiwa F leo kwa sababu tu flashi ya mtu ilitangulia kuchomekwa, na Steam itasema gemu hazipo. Dawa ni kuipa diski herufi ya mbali, kama vile P au S, ndani ya zana ya Windows ya kusimamia diski, ambako inabaki kuwa yake. Kituko cha pili ni diski iliyofomatiwa kwa FAT32: haipokei faili moja linalofika GB 4, na gemu za siku hizi zimejaa mafaili makubwa kuliko hapo. Kunakili kunakataa huku diski ikionyesha ina nafasi tele, na mwenye diski anaanza kuilaumu diski.

Si programu zote zinazolaza daftari ghalani. Epic Games Store, iliyofunguliwa Desemba 2018, huruhusu gemu kuwekwa diski yoyote, lakini kumbukumbu za kilichowekwa na kilipo huziandika C, ndani ya folda iliyofichwa ya ProgramData. Ifute C, uiweke Epic upya, na itaangalia D yenye mamia ya GB za gemu ulizozinunua kwake na kukuambia upakue kuanzia mwanzo. Wachezaji wamejifunza kuizunguka: unaibadilisha jina folda ya gemu, unaanza kupakua mahali pale pale, ikishika asilimia chache unasimamisha, unarudisha mafaili ya zamani mahali pake, unaendelea. Epic inakagua, inaridhika. Inafanya kazi, lakini ni utaratibu wa aibu kwa kampuni yenye uwezo wake. Gemu zinazowekwa kupitia duka la Microsoft zina balaa la aina nyingine, kwani folda yao ya WindowsApps hulindwa kwa ruhusa kali kiasi kwamba baada ya kupiga Windows upya, kuifuta tu kutoka D ni kibarua. GOG wako upande wa pili kabisa: wanakupa faili la kuwekea gemu ambalo halihitaji programu yao hata kidogo, unalihifadhi kwenye diski yoyote na kulitumia hata miaka kumi baadaye.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza gemu ikae wapi, kuna swali linalotangulia: nani anakumbuka kwamba ipo, na kumbukumbu hiyo inakaa wapi?

Ushauri wa fundi wa Kariakoo ulikuwa na pengo ambalo wengi hulijua kwa uchungu. C na D za ile kompyuta ya mezani zilikuwa vipande viwili vya diski moja. Kwa mtu anayepiga Windows hiyo ni kinga kamili. Kwa diski inayokufa si kinga ya chochote. Ile ya GB 80 ilianza kutoa mlio wa tik, tik, ikawa nzito kufunguka, na siku moja haikuonekana tena hata kwenye skrini ya kwanza ya mashine. Picha za harusi ya ndugu, muziki, gemu, kila kilichowekwa D kwa utii, vilikwenda pamoja na Windows iliyokuwa C. Herufi mbili zilikuwa zimempa kaka wa mwandishi hisia ya kuwa na diski mbili. Mwenye kutaka kujua ukweli afungue zana ile ile ya kusimamia diski, aone kama C na D zimepangwa kwenye mstari mmoja, Disk 0, au kila moja ina mstari wake.

Pengo la pili ni la ndani zaidi, na ndilo lililomfundisha mwandishi kuliko yote. Mtoto wa dada yake alikuwa na ulimwengu wa Minecraft alioujenga kwa muda mrefu: nyumba, reli, shamba la kuku, na msikiti wenye mnara aliouiga kutoka mtaani kwao. Kompyuta ikapelekwa kupigwa Windows. Mama yake alimwambia fundi waziwazi, "Gemu za mtoto ziko D, usiziguse," na fundi hakuzigusa. Kompyuta iliporudi, programu ya Minecraft iliwekwa tena, mtoto akaingia. Orodha ya ulimwengu ilikuwa tupu.

"Mjomba, zimeenda wapi?"

Hakuna aliyekosea. Minecraft ya Java, popote unapoiweka programu yake, huhifadhi ulimwengu kwenye folda ya .minecraft ndani ya AppData ya mtumiaji, C, folda ambayo Windows huificha macho ya kawaida. Mama alisema kweli, fundi alitimiza ahadi, na kazi ya mtoto ilifutika pamoja na C.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba kutenganisha programu na gemu kwenye diski mbili ni nusu tu ya hesabu, kwa sababu vitu si viwili bali vitatu. Kuna programu ya kufungulia, ambayo unaipakua bure ukiwa umekaa. Kuna gemu, nzito, lakini kama umeinunua utaipakua tena, tatizo ni bando na subira. Na kuna maendeleo ya mchezaji, ambayo mara nyingi ni MB chache, pengine chini ya hapo, na hayauzwi popote. Watu husumbuka usiku kucha kuhamisha GB 100 zinazopatikana kwenye seva za kampuni, halafu wanaacha MB 5 zisizopatikana kokote duniani zikae kwenye diski inayofutwa kuliko zote. Na wenye gemu hawasaidii: huyu anaweka kwenye Documents, yule kwenye AppData, mwingine kwenye Saved Games, karibu zote C. Steam ilianza kuhifadhi maendeleo ya wachezaji kwenye seva zake mwaka 2008, lakini ni kwa gemu ambazo watengenezaji wake wamekubali kuutumia mpango huo, na si zote. Mtoto yule sasa hunakili folda yake ya saves kwenye flashi kila anapomaliza jengo kubwa. Inachukua sekunde.

Kwenye vifaa vingine mgawanyo umechukua sura nyingine. Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya Valve iliyotoka Februari 2022, ilikuwa na toleo la bei nafuu lenye hifadhi ya GB 64 tu, na wenye nalo wakaweka gemu kwenye kadi ndogo ya microSD, wakibadilisha kadi kama zamani walivyobadilisha CD. Kadi hizo hufomatiwa kwa mfumo wa Linux, hivyo ukizichomeka kwenye Windows hazisomeki, jambo linalowafanya baadhi kudhani zimeharibika. PlayStation 5 nayo inaruhusu gemu zake zihifadhiwe kwenye diski ya nje ya USB, lakini haziwezi kuchezwa kutoka huko. Lazima zirudishwe kwanza kwenye SSD ya ndani au ile ya ziada inayofungwa ndani ya mashine.

Sababu ni kwamba watengenezaji wameanza kuitegemea SSD. Mark Cerny, msanifu wa PlayStation 5, alieleza Machi 2020 jinsi diski za kuzunguka zilivyowalazimisha kurudia data: katika Marvel's Spider-Man baadhi ya vitu vya mitaani vilinakiliwa mara 400 kwenye diski, ili kichwa cha kusomea kisihangaike kuvitafuta mbali. Gemu inakuwa nzito kwa sababu ya diski nzee. Helldivers 2 ilitoa mfano mkavu zaidi mwishoni mwa mwaka 2025, pale watengenezaji wake walipoondoa marudio ya namna hiyo kwenye toleo la kompyuta na kulishusha kutoka GB 154 hadi takriban GB 23. Walikuwa wamehofia kwamba wenye diski za kuzunguka wangesubiri mno gemu ifunguke. Walipopima, ucheleweshaji ulikuwa wa sekunde chache.

Wakati huohuo Starfield na Baldur's Gate 3, zote za mwaka 2023, zimeandika SSD kwenye mahitaji yao ya chini kabisa. Kwa hiyo D ya kuzunguka, iliyokuwa mahali pa kuchezea, inageuka kuwa mahali pa kuhifadhia: gemu za zamani zinaendelea kuchezwa kutoka huko bila taabu, na zile nzito zinasubiri huko hadi zihamishiwe kwenye SSD, kazi ambayo Steam sasa inaifanya kwa kubofya kitufe. Kabla ya kukibofya inafaa kuangalia nafasi iliyobaki, na kubakiza ya ziada kwa masahihisho, kwa sababu Steam hutengeneza toleo jipya la faili pembeni kabla ya kuondoa la zamani. SSD iliyojaa hadi ukingoni hukataa sahihisho dogo la gemu kubwa, na mchezaji hujikuta akifuta gemu moja ili kusahihisha nyingine.